Kovu la Babu Liko Wapi? Hotuba kwa Wapiga Picha wa Mbeya

(Haya niliyasema Jumamosi hapa Mbeya mbele ya wapiga picha, wenye studio na vijana wa steshenari. Wenzetu wa Tukuyu, Chunya na Makambako walishindwa kufika, wakaomba nibandike hotuba nzima. Nimeiacha ilivyotoka mdomoni. Picha zilizokuwa zikioneshwa ukutani nimeziruka.)

Kamwene!

Nusu ya ukumbi mmeitikia, nusu mnanitazama. Najua niko Mbeya, ila nimetoka Iringa na mdomo umezoea. Basi wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za mchana, na nyie vijana mliosimama mlangoni ingieni, viti vipo.

Kijana aliyenipigia simu aliniambia, "Mzee, zungumza nusu saa, halafu tunakula." Nitajitahidi. Lakini mtu aliyekaa dakirumu, chumba cha giza cha kusafishia picha, miaka mingi, ukimtoa gizani ukampa kipaza sauti, usitegemee breki.

Nianze na swali. Nani hapa ana printa ya matangi sita, zile za studio? Nyoosha mkono. Wengi. Haya, nani amewahi kuipima printa yake? Sisemi kuisafisha. Sisemi kuijaza wino. Kuipima, kama mfanyabiashara anavyopima mizani yake. Mikono mitatu. Na mmoja kati ya hao watatu ni fundi wangu mwenyewe, kwa hiyo ni miwili.

Sasa nisikilizeni. Miaka michache iliyopita ilikuja kwangu familia moja kutoka upande wa Kalenga. Walikuwa na negativu ya zamani, zile za mraba, imefungwa kwenye karatasi ya daftari. Picha ya babu yao amesimama mbele ya nyumba, amevaa koti jeusi, shati jeupe, mkononi fimbo. Walitaka picha kubwa ya ukutani kwa ajili ya kikao cha ukoo. Nikaiskani ile negativu, nikafuta vumbi na mikwaruzo siku mbili nzima, nikaiprinti kwenye karatasi nzuri isiyong'aa. Picha ikatoka, mimi mwenyewe nikaipenda. Koti jeusi tii. Shati linang'aa. Nikaiweka kwenye fremu.

Wakaja kuichukua. Mama mmoja wa makamo, mjukuu wa yule mzee, akaishika mikononi muda mrefu. Halafu akaniambia kwa upole, "Fundi, picha ni nzuri. Ila huyu siye babu."

Nikamwambia, "Mama, ni negativu yenu mliyoniletea."

Akaweka kidole kwenye nyusi yake, akakishusha hadi shavuni. "Babu alikuwa na kovu hapa. Sisi tumekua tukilishika hilo kovu. Kovu liko wapi?"

Ndugu zangu, nilirudi kwenye kompyuta nikafungua faili. Kovu lipo. Nikachukua negativu nikaielekeza dirishani. Kovu lipo. Nikarudi kwenye picha iliyo kwenye fremu. Kovu halipo. Upande ule wa uso, toka nyusi hadi shingoni, palikuwa na weusi mmoja tu, umeungana na koti kama vile mzee amezama kwenye tope.

Negativu inalo. Kompyuta inalo. Karatasi haina. Nani kalila?

Swali hilo ndilo lililonileta hapa. Nitawaeleza kilichokula kovu la yule mzee, na nitawaeleza nilivyolirudisha. Ilinichukua karibu mwaka mzima na printa moja iliyokufa.

Kwanza tuelewane jambo moja. Printa ya kawaida haina kijivu. Narudia kwa walio nyuma: haina kijivu! Ina nyeusi, ina bluu-maji, ina waridi, ina njano, na zile za matangi sita zinaongezewa bluu-maji hafifu na waridi hafifu. Basi. Ukiiamuru itoe kijivu, ina njia mbili za kukudanganya. Njia ya kwanza, inanyunyiza vitone vyeusi mbalimbali, kama pilipili manga juu ya wali. Ukikaa mbali unaona kijivu, ukisogea unaona vitone, na bibi harusi anatoka ana ndui. Njia ya pili, inachanganya rangi zake mpaka zifanane na kijivu. Printa nyingi hufanya yote mawili kwa pamoja.

Hiyo njia ya pili ndiyo iliyonigombanisha na mteja mwingine, mama wa Uyole. Alikuja kuchukua picha ya mama yake mzazi, nyeusi na nyeupe, kwa ajili ya arobaini. Dukani kwa rafiki yangu nilipokuwa nimekodi, chini ya taa ya tyubu, ilionekana safi. Akatoka nje juani, akarudi. "Mbona mama amekuwa wa waridi?" Nikamwambia macho yamechoka, dada yangu, ni msiba. Akaenda nayo nyumbani. Jioni akanipigia: "Sasa hivi chini ya balbu amekuwa wa kijani." Siku ile nilimlaumu. Leo namwomba radhi popote alipo, kwa sababu alikuwa anasema kweli tupu.

Kijivu kilichotengenezwa kwa bluu-maji, waridi na njano ni kinyonga. Kimesawazishwa chini ya mwanga mmoja, ule wa kiwandani. Ukibadilisha taa, kila rangi inaurudisha mwanga mpya kwa namna yake, na ule usawa unavunjika. Picha ya rangi inaweza kuficha aibu hiyo, maana kuna kanga nyekundu, kuna majani, jicho lina mengi ya kutazama. Picha nyeusi na nyeupe haina pa kujificha. Ukijani mdogo tu unauona.

Kuna watu wenye wivu na picha hizi, hasa huko Marekani, walikaa wakajiuliza swali rahisi: kama ndani ya printa kuna matangi sita, nani kasema lazima yabebe rangi? Kwa nini tusiweke nyeusi moja na kijivu cha ngazi tano? Jon Cone wa Vermont akatengeneza wino wa namna hiyo na kuuita Piezography. Paul Roark akagawa hadharani kanuni zake za kuchanganya wino wa kaboni. Roy Harrington akaandika programu iitwayo QuadTone RIP, inayomwezesha mtu kuiamuru printa tangi kwa tangi, badala ya kuiachia ile programu ya kiwandani inayodhani bado kuna waridi mle ndani. Kiwanda nacho kikasikia: mwaka 2005 Epson walitoa printa ya picha, R2400, yenye nyeusi na vijivu viwili kwa pamoja.

Mtauliza, kwa nini karibu wote hao wameng'ang'ania Epson? Kwa sababu kichwa cha printa hizo kinasukuma wino kwa kijipande cha piezo kinachojikunja umeme ukipita. Hakichemshi wino. Printa za joto, kama nyingi za Canon na HP, hupasha wino mpaka kiputo kiusukume nje, na wino wa kujichanganyia haupendi kuchemshwa.

Na wino wenyewe ni nini? Ni masizi, jamani. Kaboni. Masizi yaleyale yaliyo chini ya sufuria ya mama, ila yamesagwa laini mno na kutiwa kwenye maji. Wachina wa kale na Wamisri wa kale waliandika kwa wino wa masizi na maandishi yao bado yanasomeka. Wino wa dai, yaani wa rangi iliyoyeyuka kwenye maji, huu tunaonunua kwa chupa madukani, mwanga na hewa vinaula polepole. Nani hajaona picha za harusi zilizogeuka bluu ukutani? Masizi hayaliwi, mwanga hauyawezi.

Yana kasoro yake lakini. Ukiyazimua kwa maji, hayatoi kijivu cha wingu. Yanatoa kijivu chenye ukahawia, kama chai ya rangi. Wengine wanaupenda, unafanana na picha za zamani. Mimi nimelitenga tangi la sita nikatia humo kijivu chenye ubluu kidogo ili kuupoza ule ukahawia. Matangi yangu yako hivi: nyeusi kamili, kisha asilimia 30, 15, 7 na 3, na hilo la ubluu. Asilimia 30 maana yake kwenye chupa ya mililita 100, wino ni 30 na dawa ya kuzimulia ni 70. Napima kwa bomba la sindano la duka la dawa. Si kwa macho. Si kwa kifuniko.

Hapo kwenye dawa ya kuzimulia ndipo nilipoua printa.

Kanuni inasema maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke yakarudi kuwa maji, glisirini kiasi ili wino usikaukie kwenye matundu, na tone la ile dawa tuliyokuwa tukisuuzia negativu zisibaki na alama za maji. Mimi nikajifanya mjanja. Maji yaliyotoneshwa ya nini? Nikachemsha maji ya bomba, nikayachuja kwa kitambaa cheupe mara tatu, nikajiona daktari. Kuchemsha kunaua vijidudu, ndugu zangu. Hakumalizi chokaa! Tena sikusafisha mabaki ya wino wa dai kwenye mirija. Nikamimina wino wangu wa kaboni juu yake. Wiki ya kwanza, safi. Wiki ya pili mistari myeupe. Wiki ya tatu nikafungua mrija nikakuta wino umeganda mle ndani kama maziwa mgando. Kichwa kikafa. Kwenda kuulizia bei ya kichwa kipya, nikaambiwa nijazie kidogo ninunue printa nzima. Ile ya zamani bado iko nyumbani. Paka analala juu yake.

Kwa hiyo, kama unabadilisha kutoka dai kwenda kaboni, suuza mirija kwa dawa ya kusafishia mpaka itoke nyeupe kabisa. Na wino wa kaboni ni pigimenti, una chembe, hutulia chini kama togwa. Nani anakunywa togwa bila kuitikisa? Tikisa chupa taratibu kabla ya kujaza, usiipige kama shekeri, mapovu nayo ni adui. Na printa isikae zaidi ya siku chache bila kuprinti chochote, hata karatasi moja ya kujaribia matundu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa kikabaki wazi hakijarudi kwenye maegesho yake, usiende kunywa chai. Huku kwetu kiangazi ni kikavu, upepo una vumbi, wino unakauka haraka.

(Hapa kijana mmoja aliuliza kwa nini asibonyeze tu kile kitufe cha "nyeusi na nyeupe" kwenye kompyuta. Nilimjibu hivi.)

Kijana, kitufe kile kwenye printa nyingi kinabadilisha picha yako tu kabla ya kuituma. Hakibadilishi kilichomo kwenye matangi. Printa itaifanya nyeusi na nyeupe yako kwa waridi na njano yake ileile, au kwa nyeusi peke yake na pilipili manga. Kama una printa yenye vijivu vyake kutoka kiwandani, kitufe hicho kina maana. Kama huna, umebonyeza jina.

Tuendelee. Sasa wino tunao, umekaa vizuri, matundu yote yanatoa. Je, kovu limerudi? Halijarudi! Nilidhani limerudi. Niliiprinti picha ya babu kwa wino wangu mpya wa masizi, nikiwa na furaha kama mtoto, ikatoka na weusi uleule. Laini zaidi, haina kinyonga, lakini shavu bado limezama kwenye koti.

Hapa nahitaji watu wa viazi. Nani anatoka Njombe au Makete? Mama, wewe. Lumbesa ni nini? ... Mnasikia? Gunia limejaa, halafu unaongezewa kofia juu, unashonewa wavu, na bei inabaki ya gunia moja. Mkulima anapunjwa. Sasa karatasi nayo inafungwa lumbesa.

Tone la wino likigusa karatasi linatanuka. Kwenye karatasi isiyong'aa linatanuka zaidi, maana karatasi inanyonya. Unapoiambia printa iweke wino asilimia 75, matone yaliyotanuka yamekwisha kugusana. Karatasi imejaa. Gunia limefika mdomoni. Asilimia 80, 85, 90, 95 zote unazomwaga juu yake ni kofia tu. Haziongezi weusi, zinaongeza gharama, na zikizidi sana weusi unaanza hata kupauka. Yale yote yaliyotakiwa kuonekana tofauti kati ya 75 na 100 yanageuka kitu kimoja.

Na kovu la babu liko wapi? Liko hapo. Ndani ya kofia ya lumbesa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuisawazisha printa ni kutafuta mdomo wa gunia. Prinenti... (hapa ulimi uliteleza watu wakacheka) ...printi kila wino peke yake, ukanda mmoja kutoka sifuri hadi mia. Programu ya QuadTone RIP ina sehemu yake maalumu ya kazi hiyo. Acha ukauke, tazama ni wapi ukanda unaacha kuongezeka weusi. Hapo ndipo kikomo. Uandike. Usimwage hata tone moja zaidi ya hapo. Kila karatasi ina kikomo chake. Karatasi inayong'aa ina chake, isiyong'aa ina chake, na nyeusi ya karatasi isiyong'aa ukiitia kwenye karatasi inayong'aa itakupaka vidoleni, hata usubiri wiki.

Kisha ngazi. Hii ndiyo hotuba yenyewe, mengine yote nilikuwa nawasindikiza.

Unachora ngazi yenye vipandio 21: sifuri, 5, 10, 15, hadi 100. Cha kwanza ni karatasi tupu, cha mwisho ni weusi wote ulio nao. Unaiprinti. Unaiacha ikauke usiku na mchana, siku nzima. Usiniulize kama dakika kumi zinatosha. Hazitoshi, weusi unaendelea kubadilika unapokauka, nimepima mara nyingi. Halafu unapima kila kipandio.

Kipimo kinachotumika kinaitwa L. Sifuri ni kiza kitupu, mia ni weupe mtupu. Kimetengenezwa kufuata jicho la binadamu lilivyo, siyo wingi wa mwanga. Ndiyo maana kijivu cha katikati, L ya 50, kinarudisha asilimia 18 tu ya mwanga unaokiangukia, ingawa jicho linakuambia ni nusu. Karatasi yangu tupu ina L ya 96. Weusi wangu wa mwisho una 16, ambao unarudisha asilimia 2 hivi ya mwanga. Toa 16 kwenye 96, unabaki na 80. Ngazi ina hatua 20. Kila hatua inatakiwa kushuka 4. Hesabu ya darasa la tatu!

Haya, sikilizeni ngazi ya ile printa iliyokula kovu. Kuanzia asilimia 70 hadi 100, vipandio saba vya mwisho, ilitakiwa isome 40, 36, 32, 28, 24, 20, 16. Ilisoma 24, 20, 18, 17, 16, 16, 16.

Nirudie? Kumi na sita, kumi na sita, kumi na sita. Vipandio vitatu vya chini havipo, na vilivyo juu yake vimekaribiana kama meno ya chanuo. Hiyo siyo ngazi, hilo ni shimo. Mtu akishuka anatumbukia. Na mzee wetu alitumbukia na kovu lake.

Ukishapata namba zako 21, unazipa programu. Yenyewe inapinda mkunjo wa wino: pale ilipokuwa nzito inaipunguza, pale ilipokuwa nyepesi inaiongeza, mpaka kila hatua ishuke sawa na mwenzake. Kama kuna namba imerudi nyuma, yaani kipandio cha chini kimesoma cheupe kuliko cha juu yake, programu inagoma. Iheshimu inapogoma. Maana yake umeruka kikomo, au tundu limeziba katikati ya kazi, au umepima karatasi mbichi.

Upime kwa nini? Kuna vifaa maalumu na bei zake mnazijua. Mimi nilianza na skana ya kawaida. Unanunua kadi ya vijivu ambayo kila kipande chake kimeandikwa kipimo chake kutoka kiwandani. Unailaza kwenye kioo pamoja na ngazi yako, vinaskaniwa safari moja, na unazima marekebisho yote ya skana, yote, ile "boresha picha" ndiyo inayoharibu. Kisha unalinganisha. Skana inaweza kudanganya, lakini inaidanganya kadi na ngazi kwa uongo uleule, na kwa kuwa kadi unaijua, uongo unaufahamu.

Usipime kwa jicho. Mimi na fundi wangu, huyu aliyenyoosha mkono, tuligombana siku nzima juu ya vipandio viwili. Yeye anasema kipi cheusi zaidi, mimi nasema kingine. Kupima, vilikuwa sawasawa. Kimoja kilikuwa kimekaa pembeni ya karatasi nyeupe, kingine pembeni ya nyeusi. Jicho ni la kutazamia. Mizani ni ya kupimia.

Sasa nataka niseme jambo linaloniuma, halafu tumalizie.

Kwa nini iliyokatika ni sehemu ile ya chini ya ngazi? Kwa nini hakuna aliyeona haraka? Wapiga picha wa zamani wa Marekani, akina Ansel Adams, waligawa picha katika kanda kuanzia 0, weusi mtupu, hadi 10, weupe mtupu. Ngozi ya Mzungu waliiweka kanda ya 6. Ngozi nyeusi, kanda ya 5. Tofauti ya kanda moja ni mwanga mara mbili. Mimi nimepima nyuso za wazee wetu kwenye picha zangu mwenyewe: upande wenye mwanga unasoma 40 hivi, na ule wa kivulini unashuka hadi 20. Tazameni tena namba za ngazi iliyovunjika. Arobaini hadi ishirini. Uso wetu wote unaishi pale palipovunjika! Printa ile ikimprinti Mzungu, hasara inaangukia kwenye koti lake, na nani anajali mikunjo ya koti? Ikimprinti babu yetu, hasara inaangukia usoni.

Na si jambo geni. Tangu miaka ya 1950 Kodak walikuwa wakigawa kwa maabara kadi ya kusawazishia rangi, yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi zote zikaitwa Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza. Shirley akitoka vizuri, mashine iko sawa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, alipowahoji watu wa Kodak, walimweleza kwamba filamu ilianza kurekebishwa ili ione vizuri rangi za giza kwa sababu walilalamika wenye viwanda vya chokoleti na watengeneza samani za mbao. Chokoleti, ndugu zangu. Mbao.

Lakini waliotutangulia hapa Afrika hawakungoja kadi. Seydou Keïta na Malick Sidibé kule Bamako, Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, hao walijua pa kuweka taa na namna ya kusafisha picha mpaka uso mweusi uwe na nuru yake. Walikuwa na mikono na dawa. Sisi tumekabidhi mikono kwa printa, na printa hatukuikabidhi kitu.

Kwa hiyo mimi sina Shirley. Kadi yangu ya kujaribia, baada ya namba zote kukaa sawa, ni uso wa mama yangu mkubwa, amekaa kivulini chini ya mparachichi, amevaa kitambaa cheusi kichwani. Kama naweza kuona kitambaa kinapoishia na nywele zinapoanzia, naendelea na kazi. Kama sioni, narudi kwenye ngazi.

Narudia ngazi kila nikibadilisha karatasi, kila nikichanganya chupa mpya, na mara mbili kwa mwaka hata kama sijabadilisha kitu. Nyie wa Tukuyu mtalazimika zaidi, mvua zenu hazina likizo na karatasi inakunywa unyevu. Karatasi iliyopimwa Agosti si karatasi ya Aprili. Ihifadhini kwenye mfuko uliofungwa.

Yule mama wa Kalenga nilimpigia simu baada ya miezi kumi na moja. Alikuwa amekwisha kusahau. Kikao cha ukoo kilipita, na ile picha ya kwanza waliiweka kabatini. Alikuja na mtoto wake wa kiume, nikawapa picha mpya kabla sijaitia kwenye kioo. Hakusema kitu. Alipitisha kidole hewani juu ya karatasi, toka nyusi hadi shavuni, hakuigusa. Kisha akamshika mwanawe mkono akampitisha palepale.

Nimeleta karatasi thelathini, kila moja ina ngazi ya vipandio 21, na kadi yangu ya vijivu iko kwenye bahasha ya kaki pale mezani. Kila studio ichukue moja kama mfano, muende mkaprinti ya kwenu. Waliokuja na ngazi zao tayari, wale mikono miwili, tukutane pale dirishani upande wa mlima Loleza baada ya chakula. Mwanga wake unafaa mpaka saa kumi hivi.